Kutokuona si Dalili ya Kutokuwapo

Miongoni mwa maradhi yaliyoenea katika vikao vyetu ni wepesi wa kusema "hakuna". Mtu huulizwa jambo, akapekua kumbukumbu yake asilikute, kisha akakata hukumu kwamba halipo. Wanazuoni wametahadharisha tangu zamani kuwa kutokukiona kitu si dalili ya kutokuwapo kwake. Kanuni hii twaisomesha. Ama kuitumia, hilo ndilo zito. Leo tunaitolea mfano wa kiumbe duni, asiyefika hata sentimita moja.

Huko Joggins, katika jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, yapo magenge ya mawe yanayotazamana na Ghuba ya Fundy. Kujaa na kupwa kwa maji ya ghuba hiyo ni miongoni mwa kukubwa kabisa duniani, na mawimbi hula mwamba na kufichua matabaka mapya. Humo mna makaa ya mawe, na baina ya matabaka mna visiki vya miti vilivyogeuka jiwe hali vimesimama wima, tangu takriban miaka milioni 315 iliyopita.

Mwaka 1852, Charles Lyell, mwanajiolojia mashuhuri wa Uingereza, na John William Dawson, mzaliwa wa Nova Scotia, walichunguza kisiki kimoja wakakuta ndani yake mifupa ya mnyama mdogo wa miguu minne. Mabaki hayo yalipochambuliwa, likaonekana pia gamba dogo: gamba la konokono wa nchi kavu. Kabla ya hapo, hakuna konokono wa nchi kavu aliyekuwa amejulikana katika miamba ya umri huo.

Lau mtu angetamka mwaka 1851 kwamba misitu ile haikuwa na konokono, nani angemkanusha? Wataalamu wote wangekuwa upande wake, naye angali amekosea. Gamba la konokono ni jembamba, na udongo wenye asidi wa misitu ya kinamasi huliyeyusha. Ilibidi mti uoze moyo ubaki ganda, kisha tope liingie na kuhifadhi kilichomo. Kilichokosekana, basi, kilikuwa hifadhi na mtafutaji, si konokono. Dawson aliendelea kutafuta, akapata wengine wengi. Mwaka 1860 akamwita Pupa vetusta. Leo huitwa Dendropupa vetusta, na wataalamu wangali wanajadili nasaba yake.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alimtaja konokono huyo kuonyesha jinsi kumbukumbu za miamba zilivyo na mapengo. Dawson alikuwa mpinzani mkubwa wa nadharia ya Darwin. Hatuingii katika mjadala wao. Tunalotaka lionekane ni kwamba mahasimu hao wawili hawakugombana juu ya gamba, kwa kuwa lilikuwapo mkononi.

Wala mtu asiifanye kanuni hii kuwa kibali cha kudai atakalo. Lyell na Dawson hawakusema "huenda wapo" wakaenda zao, walileta dalili. Anayethibitisha analazimika kuleta ithibati, na anayekanusha analazimika kuonyesha kwamba ametafuta pale panapostahiki kutafutwa. Asiye na hili wala lile, la kwake ni kunyamaza.

Tunaanza kujinasihi sisi wenyewe walimu. Ni mara ngapi mtoto ametuuliza swali darasani, nasi tukamjibu "hakuna kitu kama hicho", ilhali ukweli ni kwamba hatukukisoma? Mtoto yule huondoka na mambo mawili: ujinga wetu, na yakini kwamba ujinga huo ni elimu. Tukimwambia "hatujakutana nalo, tutatafuta", heshima yetu haipungui. Na neno "Wallahu aalam", ambalo tumezoea kulifanya pambo la kufungia maneno, tulirudishe mahali pake: liwe kukiri kwa kweli mpaka wa tunachokijua.