Seva Mbili Hazitoshi Kulinda Pesa Zako

Umelipa mama mboga, simu inazunguka tu, ujumbe hauji. Wengi hutuambia: si muongeze seva ya pili ya kuweka rekodi, ya kwanza ikizima iendelee? Sisi tunasema mbili hazitoshi. Mawasiliano kati yao yakikatika, kila moja inaweza kudhani nyingine imezima. Zote zikianza kuandika miamala, salio lile lile linaweza kutumika mara mbili.

Tatu ni bora, kila moja jengo lake. Hakuna inayoandika bila kura 2 kati ya 3. Iliyobaki peke yake inanyamaza. Afadhali usubiri kidogo kuliko hesabu yako ivurugike. Ujumbe ukichelewa, angalia salio kwanza kabla ya kutuma tena.