Mbele ya kununua parsele, uliza udongo

Wengi wanatafuta parsele ya kuweka depo, garaji ao mashini ya kusaga unga. Wanaangalia bei, barabara na makaratasi. Ni vizuri. Lakini sertifika inaonyesha mwenye parsele tu. Haisemi kitu juu ya mambo yaliyoingia ndani ya udongo.

Hapa Lubumbashi si neno la kucheka. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911. Miaka na miaka, upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi wake mpaka Penga Penga. Walimu wa UNILU walipima udongo wa kule, wakakuta shaba, kobalti, risasi, zinki na kadimiamu kupita kiasi. Kuna fasi miti ilikufa, udongo ukabaki wazi. Risasi inaharibu akili ya watoto wadogo; kadimiamu inaumiza figo. Na metali haziozi kama takataka za jikoni. Moshi unapita, zenyewe zinabaki.

Kule Marekani, sheria ya mwaka 1980 inaweza kumlipisha mununuzi pesa ya kusafisha udongo, hata kama ulichafuliwa na mwingine. Njo maana benki zinaomba uchunguzi kwanza: kusoma makaratasi ya zamani, kutembelea fasi, kuuliza majirani. Mashaka yakitokea, wanachimba udongo na kuupeleka kwa laboratwari. Kwetu, sheria ya migodi ya mwaka 2002 inadai kampuni zichunguze mazingira mbele ya kuanza kazi. Lakini baba anayenunua depo ya zamani, nani anamukumbusha? Basi, ajichunguzie mwenyewe.

Uliza wazee wa avenyu: zamani kulikuwa nini hapa? Mawe ya madini? Batri? Mafuta ya mashini? Tembea parsele yote. Angalia udongo wenye rangi ya kijani, mabaki meusi ya kiwanda, fasi ambapo majani hayaoti. Kama kuna kisima, uliza habari ya maji yake.

Mashaka yakibaki, udongo upimwe mbele ya kumaliza kulipa. Andikeni katika mapatano kwamba pesa ya mwisho itatoka nyuma ya majibu. Muuzaji akikataa, fikiri vizuri.

Na kama umekwisha kununua? Usipande lengalenga pale. Funika uwanja na simenti, mwagia maji mbele ya kufagia, watoto wanawe mikono mbele ya kula.