Uingereza Nilisalimiwa kwa Ajili ya Mbwa

Mtu mzima mwenye mvi kutembezwa na mbwa! Hilo ndilo lililonijia akilini asubuhi ile binti ya ndugu yangu aliponitia ukanda mkononi na kuniambia, "Ami, kama unatoka, nenda na Bess. Hajatembea tangu jana." Kwetu Taita mbwa hatembezwi. Hujitembeza mwenyewe, akarudi jioni kula makombo, kisha akalala nje kulinda boma. Mjini nako twamjua kwa kibao cha "Mbwa Kali" langoni, kibao ambacho hata sarufi yake imeng'atwa.

Tulikuwa katika milima ya Peak District, baina ya miji ya Manchester na Sheffield. Binti yetu ni muuguzi huko na ameolewa na mwenyeji. Likizo yao ya kila mwaka ni kukokota karavani. Karavani, kwa msomaji asiyepata kuiona, ni chumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari. Ndani mna jiko la gesi, meza, na viti ambavyo usiku hugeuzwa vitanda. Huegeshwa katika kiwanja pamoja na nyingine, na wenyewe hulipa kwa usiku. Mimi nilipewa kitanda cha karibu na mlango, Bess akalala chini yangu, na kwa kukoroma alinishinda.

Starehe hii si ya jana. Zamani nyumba za magurudumu zilikuwa za Waroma na watu wa sarakasi. Kisha mwaka 1885 Mskoti mmoja, Gordon Stables, aliyekuwa daktari katika jeshi la majini, akaagiza yake ya kukokotwa na farasi wawili, akaiita Wanderer, akaenda nayo hadi Uskoti kwa kujifurahisha tu. Katika safari hiyo alikuwamo mbwa wake mkubwa. Basi mbwa na karavani ni ndugu tangu mwanzo.

Lakini nilitaka kusimulia juu ya salamu. Siku ya kwanza nilitoka peke yangu, na ramani mfukoni. Wapita njia walikuwa wengi, maana ilikuwa mwezi wa Mei na jua limetoka. Nikisalimu, huyu aliitikia kwa kidevu, yule akatazama viatu vyake. Bibi mmoja aliniuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama nimepotea, na kwa sauti yake nilitambua kwamba hakuwa akinihurumia. Nilirudi karavanini nikanyamaza.

Siku ya pili nilitoka na Bess, na nchi ikageuka. Kila niliyekutana naye alisimama. Waliinama, wakamkuna masikio, wakaniuliza jina lake, umri wake, na kama hupenda kuogelea. Yule bibi wa ukutani alinieleza habari za mbwa wake watatu, wawili kati yao marehemu. Kwa muda wa siku nne kambi nzima ilikuwa imejua kwamba Bess ana miaka sita na kwamba huogopa ngurumo. Jina langu mimi hapana aliyeliuliza.

Labda msomaji atasema nilione hilo kuwa jambo la kuchekesha, na kwa kweli nilicheka. Hata hivyo nasema wazi kwamba liliniuma. Mtu kuonekana mtu kwa sababu ameshika mbwa si heshima. Kwetu, mpita njia husalimiwa kwa kuwa anapita, akaulizwa atokako na aendako, na akichoka hupewa maji. Mbwa hana kazi katika mambo hayo, na akitokea mbwa mgeni watoto huitwa ndani. Ninyi nanyi mwajua sababu. Uingereza ilikwisha kuondoa kichaa cha mbwa kwa wanyama wake wa nchi kavu mwaka 1922, ilhali hapa kwetu ugonjwa huo ungali unaua watu.

Basi ningalirudi nyumbani nikijisifu kwamba tumewashinda Waingereza kwa utu, lau si tukio la siku ya tatu.

Tulikuwa tumeruka ngazi ya mawe na kuingia katika malisho. Mbele hapakuwa na kitu, nami kwa kumhurumia Bess nikamfungua ukanda. Kumbe chini ya mteremko walikuwako kondoo na wana wao. Bess akatimka. Hakuwagusa, lakini walitawanyika wakilia, na mwenye shamba akatokea juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, uso mwekundu. Alinigombeza kama baba. Mbwa afungwe! Nilikuwa sijui kwamba sheria ya mwaka 1953 humshtaki mwenye mbwa anayesumbua mifugo, na kwamba mkulima akikosa njia nyingine ya kuwaokoa wanyama wake aweza hata kumpiga mbwa risasi? Niliomba radhi. Alipotulia alininyoshea kidole upande wa pili, akasema, "Njia yako inapita pale. Ukitoka, ufunge lango."

Njia yako! Maneno hayo nilikwenda nayo hadi jioni. Mtu yule alikuwa na hasira na shamba lilikuwa lake, lakini hakuniambia nitoke. Hakuweza, kwa maana njia ile ya miguu ni ya umma, nami mgeni wa siku tatu nilikuwa na haki ya kuikanyaga sawa na yeye. Na katika kunigombeza kwake hakunitazama kama mgeni. Aliniona kama mwenye mbwa mzembe, ndivyo nilivyokuwa.

Haki hiyo wenyeji hawakuokota. Karibu na pale ndipo ulipo mlima wa Kinder Scout, ambao zamani ulifungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili, 1932, mamia ya vijana wa viwandani waliupanda kwa makusudi, wakiongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Walipambana na walinzi, na vijana watano, Rothman akiwa mmoja wao, wakafungwa jela. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda mbuga za taifa na kuzitaka serikali za wilaya ziandike njia za miguu katika ramani. Peak District ikawa mbuga ya kwanza, mwaka 1951. Mwaka 2000 sheria nyingine ikafungua nyika na milima mingi, kwa sharti kwamba huko mbwa awe kwenye ukanda mfupi tangu Machi mosi hadi mwisho wa Julai, wakati ndege wanapotaga, na siku zote akiwa karibu na mifugo. Tena kule, njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 bila kuzuiwa huhesabiwa kuwa ya umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakukusudia hivyo.

Sasa nitazame kwetu. Njia niliyopita nikiwa mtoto kwenda mtoni na shuleni, aliyoipita babu yangu kabla yangu, leo imekatwa kwa seng'enge. Mwenye kiwanja alinunua kihalali, akazungusha, akafunga mbwa mkali ndani. Watoto wa siku hizi huzunguka kwa barabara kuu, wakipishana na malori. Hapana aliyeandamana, wala hapana aliyeuliza katika baraza la chifu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inazitaja njia za umma, lakini nani kijijini kwetu amekwenda kuuliza kama njia yetu imeandikwa popote?

Hivyo sisi tuna salamu, na pa kusalimiana panapungua. Wao wana njia kila upande, na salamu mpaka mbwa awaletee. Sitaki tuanze kulala na mbwa, wala kukokota vyumba nyuma ya magari. Nataka wazee wa kila kijiji, wangali hai na wanakumbuka, waketi na mpima ardhi wamwonyeshe njia zilipopita, ziandikwe. Tukikawia, wajukuu wetu watajua adabu ya kumsalimu mpita njia, lakini hatapita mtu.

Nilipoagana na Bess alinilamba mkono. Yule mkulima alikuwa akipita na trekta lake. Alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi, akapunga mkono. Nilimpungia vilevile, nikaenda kufunga lango.