Baklawa ya Nyumbani na Asali ya Ipole

Katika barua tulizoletewa tangu Idi iliyopita iko moja ya mama wa Ipole, nayo yataka jawabu refu kuliko zile tuzijibuzo kwa mistari miwili. Asema mwanawe asomaye Unguja alirudi na kijisanduku cha baklawa, kila mtu wa nyumba akapata kipande kimoja, na tangu siku hiyo watoto hawataki kusikia habari za kaimati wala visheti. Auliza mambo matatu. Kitu hiki chaweza kupikwa nyumbani pasipo jiko la kuokea? Ni lazima shira yake iwe ya sukari, ilhali sukari yeye huikopa dukani na asali anayo ndani ya nyumba? Na tatu, kupika kitu kama hiki si israfu?

Swali la tatu ni jepesi, basi tulitangulize. Kitu kitamu siku ya Idi hakuna aliyekikataza. Lakini mtu akopaye kilo tano za sukari ili jirani alione sinia lake limejaa, huyo tutamwita mwenye israfu hata kama alichopika ni uji. Na jambo hili huku kwetu lina uzito wake. Wakulima wengi wa Sikonge hutegemea tumbaku, na fedha ya tumbaku huja mara moja kwa mwaka. Idi nayo hufuata mwezi mwandamo, ikarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya jua. Kwa hiyo iko miaka Idi hukuta mifuko imejaa, na iko miaka huikuta nyumba haina kitu, na daftari la mwenye duka ndilo lifunguliwalo. Wengi watakumbuka mwanzo wa mwaka 2024, mvua zilipozidi zikakwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika Tanzania nzima, na mfungo wa Ramadhani ukaja mwezi Machi hali bado ni nzito. Mwenye asali ndani wakati ule alikuwa na jawabu la swali la pili kabla halijaulizwa.

Na baklawa yenyewe ni kitu gani? Ni unga uliotandazwa mwembamba sana, tabaka juu ya tabaka, katikati lozi au jozi au pistachio zilizopondwa, ukapakwa samli, ukaokwa, kisha ukamwagiwa shira. Katika vitabu vya mapishi vya Baghdad vya zamani za Bani Abbas kimo chakula kiitwacho lauzinaji, cha unga mwembamba uliojazwa lozi na kurowekwa katika shira yenye maji ya waridi, na wengi humwona huyo kuwa ni jamaa yake wa zamani. Baklawa tuijuayo leo ilikomaa katika majiko ya masultani wa Kituruki huko Istanbul. Palikuwa na ada kwamba mwezi 15 wa Ramadhani sultani huwatolea askari wake wa Janissari masinia ya baklawa, sinia moja kwa kila watu kumi, nao huyachukua kwa maandamano mpaka kambini. Ada hiyo ilikwisha pamoja na jeshi lenyewe, lilipovunjwa mwaka 1826. Siku hizi mji wa Gaziantep ndio unaosifika zaidi kwa baklawa, hata Umoja wa Ulaya uliilinda kwa jina la mji huo mwaka 2013.

Twayasema haya ili vijana wetu wasidhani kwamba ni kitu cha kisanduku cha duka. Jambo la kutazamwa ni kwamba kila nchi iliyokipokea ilitia kilichokuwa kikiota kwake. Wenye pistachio walitia pistachio, wenye jozi wakatia jozi. Wagiriki hutia asali. Wairani hupendelea hiliki na maji ya waridi. Basi Unyamwezi pana nini? Pana karanga na pana asali, na vyote viwili havihitaji kuagizwa.

Sisi si wapishi, na hatutajifanya. Haya tutakayoyaeleza tumeyapata kwa kina mama wenye asili ya pwani walioolewa huku bara, ambao kwao kazi hii huanzia kwenye manda za sambusa. Ajuaye kutengeneza manda amekwisha kuvuka nusu ya safari. Kanda unga wa ngano kwa maji na chumvi kidogo, ufanye madonge, sukuma kila donge upana wa kisahani, paka mafuta na unyunyize unga, kisha pandanisha manne au matano na uyasukume kwa pamoja mpaka yawe mapana na membamba. Yapitishe juu ya chuma cha moto upande huu na huu, yasipate rangi, halafu uyaachanishe yakingali moto. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwani manda ikikauka huvunjika kama jani la kiangazi.

Karanga zikaange kwa moto mdogo, zitoe maganda, uzitwange zibaki chenga. Ukizizidisha hutoa mafuta zikawa siagi. Chagua kwa jicho kali. Karanga iliyoota kuvu au iliyosinyaa na kubadilika rangi itupwe, wala usimpe kuku, kwa kuwa kuvu hiyo huleta sumu iitwayo sumukuvu, na kuikaanga hakuiondoi. Katika vikombe viwili vya karanga tia vijiko viwili vya sukari na kijiko cha chai cha hiliki iliyosagwa.

Paka samli sufuria pana au trei. Panga manda nane, kila moja ukiipaka samli iliyoyeyushwa, mwaga nusu ya karanga, panga manda nne, mwaga zilizobaki, funika kwa manda nane nyingine. Kisha kata vipande kabla ya kuoka, kisu kifike chini kabisa. Anayengoja iive ndipo akate atapata makombo. Kwa asiye na jiko la kuokea, fanya kama upikavyo mkate wa sinia: makaa machache chini, mengi zaidi juu ya kifuniko. Moto wa chini ukizidi, tabaka la chini huungua na la kati likabaki bichi. Dakika 30 hadi 45 hutosha, mpaka juu iwe ya rangi ya dhahabu, na ukigonga kwa ukucha usikie inalia.

Sasa tuje kwenye shira, ambayo ndiyo hasa iliyoulizwa. Kanuni moja inazihusu zote: kimoja kiwe cha moto na kingine kimepoa. Baklawa ikitoka motoni, shira iwe baridi. Au baklawa imepoa, shira iwe ya moto. Vyote viwili vikiwa vya moto, tabaka hurowana na kushikana kama ugali.

Shira ya sukari ni vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, ichemke dakika kama kumi, na maji ya nusu ndimu yatiwe humo. Ndimu haikutiwa kwa ladha peke yake. Ukali wake huizuia sukari kurudi kuwa chenga shira inapopoa. Zafarani, maji ya waridi au kijiti cha mdalasini ni hiari ya mwenye nyumba.

Shira ya sukari guru huwa nyeusi na nzito, na kipande cha tangawizi kikichemshwa nayo huipendeza. Ichuje kwa kitambaa, kwani sukari guru nyingi ina takataka za miwa. Kwa karanga hii yafaa kuliko sukari nyeupe, kwa rai yetu. Ya tende hupatikana baada ya Ramadhani, tende zilizobaki zinapokuwa zimekauka: zitoe kokwa, zichemshe katika maji, zikamue kwa kitambaa safi, urudishe maji yake motoni mpaka yawe mazito. Waarabu huiita dibsi, na utamu wake hauumi koo. Ukwaju peke yake haufanyi shira, lakini vijiko viwili vya maji yake mazito katika shira ya sukari vyaweza kusimama mahali pa ndimu.

Ama asali, hapa yatupasa kukaa zaidi. Ipole iko kusini mwa Tabora, pale barabara itokayo Sikonge inapogawanyika, moja ikaenda Koga na Mpanda, nyingine Rungwa mpaka Mbeya. Pande zote ni misitu ya miyombo, na misafara ya kale iliyopita Unyanyembe kwenda Ujiji iliijua nchi hii kwa pembe, kwa wapagazi wake, na kwa nyuki. Nta ya Tabora imekuwa ikisafirishwa ng'ambo tangu zamani za wakoloni. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl ametaja kwamba kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki kina rangi mbalimbali, na mtu wa Ipole hahitaji mfasiri kulifahamu hilo: iko asali nyeupe kama samli, iko nyekundu, iko nyeusi kama kahawa, kwa kadiri ya maua yaliyonyonywa.

Kwa baklawa tumia ya rangi hafifu isiyonuka moshi. Asali iliyovunwa kwa kuchoma mizinga kwa mwenge hubeba harufu ya moshi, na hakuna hiliki iwezayo kuificha. Usiichemshe, kwani moto mkali huipotezea harufu yake na kuitia weusi. Pasha moto robo kikombe cha maji, uyaepue, ndipo utie kikombe kimoja cha asali na kijiko cha ndimu, ukoroge na kuiacha ipoe. Asali huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo baklawa yake hulainika upesi. Atakaye ikae siku tatu nne ikiwa kavu achanganye nusu shira ya sukari na nusu asali. Asali ya nyuki wadogo wasiouma usiitie humu kabisa. Ni nyepesi kama maji, ina uchachu, na bei yake yatosha kununua samli yote ya kazi hii. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali ya namna yoyote, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda na la mtoto mchanga halivishindi.

Yule mama ameongeza mwishoni mwa barua neno ambalo tungependa lisomwe na vijana. Asema hainunui tena asali ya chupa za barabarani, kwa kuwa mara mbili alipata sukari iliyochemshwa na kutiwa rangi. Tumemuuliza kijana mmoja afanyaye hivyo, naye akatujibu kwamba wasafiri hawajui tofauti. Sura ya Mutaffifin, inayowatisha wapunjao vipimo, imo katika Juzuu Amma. Kijana huyu aliihifadhi chuoni kabla hajaota meno ya ukubwani. Msafiri akidanganywa leo atamwambia mwenzake, na mzee aliyepanda juu ya mti usiku kwa asali halali ndiye atakayerudi nayo nyumbani.

Na wanunuzi nao wana lao. Wengi huikataa asali iliyoganda wakisema ni sukari. Kuganda ni tabia ya asali yenyewe. Itie chupa katika maji ya vuguvugu nayo itayeyuka. Wengine huipima kwa kijiti cha kibiriti, kwa sisimizi, au kwa kudondosha tone majini. Shira nzito ya sukari hufaulu mitihani hiyo mingi, na asali safi yenye maji kidogo huweza kuanguka. Nyumbani hakuna kipimo cha kuaminika kuliko kumjua aliyeivuna na mahali palipotundikwa mizinga yake. Mwulize pia mizinga hiyo ni ya nini. Mtundu au myombo ukichunwa gome pande zote kwa ajili ya mzinga hufa, na ukikatwa kukaushia tumbaku hufa vilevile. Kila mmoja ni maua yaliyoondoka. Mzinga wa mbao hugharimu zaidi mwaka wa kwanza, lakini huacha mti mahali pake. Kijana atakaye kujifunza ufugaji huo, chuo cha nyuki kiko Tabora.

Tumeulizwa vilevile kama binti aweza kuiuza baklawa hii. Aweza, tena kwa harusi na maulidi wanunuzi wapo. Amweleze mnunuzi wazi kwamba ndani ni karanga, kwani wapo watu ambao karanga huwadhuru hata kuwaziba pumzi, na amwambie shira ni ya kitu gani. Mwenye ugonjwa wa sukari asidanganywe kwamba asali haimhusu. Inamhusu kama sukari, na kipande chake kiwe kidogo kama alivyoagizwa na mganga wake.

Ikishamwagiwa shira, iache saa nne au tano ndipo ianze kuliwa. Ifunike kwa kitambaa, si kwa kifuniko cha sufuria. Mvuke ukizuiliwa, manda za juu hupoteza ukavu wake kabla wageni hawajarudi kutoka msikitini.