Acha Kuita Jezi Tangazo, Dhamini Shamba Darasa

Mwenye duka la pembejeo, kila likianza kombe la kata unaletewa barua: jezi, mpira, soda za wachezaji. Unatoa. Jina la duka linachapwa mgongoni, linafuliwa, linafutika. Sasa jiulize: ni mkulima gani alikuja kununua mbegu kwako kwa sababu ya jezi ile?

Sisemi usisaidie vijana. Kama ni sadaka, toa na usidai kitu. Lakini ukitaka fedha ikurudie, dhamini kikundi ambacho wanachama wake ndio wateja wako.

Hesabu yake ni ndogo. Robo ekari ya mahindi inataka mbegu kilo 2 na nusu, mbolea ya kupandia kama kilo 12 na nusu, na ya kukuzia kiasi hichohicho. Kikundi kinatoa ardhi na nguvu kazi. Pembeni yake kinapanda robo nyingine kwa mbegu na namna waliyoizoea. Weka kibao kando ya njia chenye jina la mbegu na la duka. Wanachama wataona tofauti wiki hadi wiki, na siku ya kuvuna kila upande upimwe kwa mizani mbele ya wanakijiji. Jezi haiwezi kusema hayo.

Lakini wapo wanaotoa mfuko mmoja wa mbolea, kisha wanataka kikundi kizima kinunue kwao tu, kwa bei wanayopanga wao. Huo ni mtego, na kikundi kitakukimbia. Wengine wanatoa mbegu iliyolala stoo. Isipoota, umegharamia aibu yako mwenyewe. Toa mbegu yenye lebo ya TOSCI, ileile unayouza.

Nanyi wanakikundi, acheni kwenda dukani kama ombaomba. Nendeni na makubaliano: yeye atatoa nini, lini, nanyi mtafanya nini. Yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, pande zote zitie sahihi.

Msimu unaofuata, muulize kila mteja mgeni amesikia wapi habari za duka lako, uandike kwenye daftari. Wakitokea shamba darasa, endelea. Wasipotokea, usione haya kuacha. Biashara inaendeshwa kwa daftari, haiendeshwi kwa makofi ya uwanjani.