Swali Lililobaki Bila Jibu



Juma hili tunataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wenu mnaliona kila siku kwenye telefone: vikundi vyetu vya WhatsApp vya kazi za mikono vinazimika. Tunasema vikundi vya kushona, vya kufuma kofia na sweta za watoto, vya kupika gato, vya bustani za lenga-lenga nyuma ya nyumba. Jina la kikundi lipo, picha yake ipo, watu mia mbili wamo. Lakini mama akiuliza swali asubuhi, jioni inafika bila jibu, na juu ya swali lake kumeshapita tangazo la kilio, sala ndefu moja, na video ambayo kila mtu ameshaiona mahali pengine.

Kuna watakaosema: hiyo nayo ni habari? Anayetaka kushona si aende kwa fundi? Tutazame kwanza ni nani aliyekuwa akiuliza katika vikundi hivyo. Ni mama mzazi mwenye mtoto wa majuma matatu, asiyeweza kutoka. Ni dada anayelinda mgonjwa nyumbani. Ni yule aliyeolewa mbali, Uvira au Kamituga, ambako hana mama wala shangazi wa kumwonyesha. Ni yule asiye na feza za kulipia mafunzo kwenye atelie. Kwake swali lilimgharimu mega chache tu, na jibu lilitoka kwa mwanamke mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Kikundi kikinyamaza, mwenye jirani fundi hapotezi kitu. Asiye na mtu ndiye anayepoteza mwalimu wake.

Tukumbuke jinsi vilivyokua. Hadi mwanzo wa 2016, kikundi kimoja cha WhatsApp kilikuwa na nafasi ya watu 100. Mwaka huo nafasi ikawa 256, na katika 2022 ikapanda hadi 512, kisha 1024. Machi 2020, wakati masomo na makanisa yalipofungwa nchini kwetu kwa sababu ya korona, wanawake wengi waliokaa nyumbani waliingia katika vikundi hivi. Wengine ndipo walipojifunza kupika gato bila furu: mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, chombo cha gato juu ya mchanga, kifuniko, na makala machache ya moto juu ya kifuniko. Somo hilo lilitoka mkono kwa mkono, na leo kuna mama anayesomesha watoto kwa gato za ndoa.

Kisha maisha yakarudi njiani. Tulirudi sokoni, shambani, darasani. Mega nazo zilipata uzito: tangu Septemba 2020 taxe ya RAM ilikatwa katika unite za telefone, hadi serikali ilipoiondoa katika 2022. Basi ni kawaida mazungumzo kupungua. Lakini sababu hizo hazitoshi, kwa maana watu wale wale walionyamaza katika kikundi cha kushona wanaongea sana mahali pengine. Wamo katika kikundi cha familia, cha kanisa, cha wazazi wa masomo. Aliyeshona robe mpya anaiweka kwenye statuti, rafiki zake wanamsifu kwa mioyo na maua, na baada ya saa ishirini na nne picha inapotea. Hakuna aliyeuliza kola ile ilikatwaje. Tumezoea kuonyeshana kazi, na kuulizana kumepungua.

Sisi tunaona sababu tatu ambazo ziko mikononi mwetu wenyewe.

Ya kwanza ni ukubwa. Katika 2006 mtaalamu mmoja wa Denmark, Jakob Nielsen, aliandika juu ya hesabu inayoonekana katika vikundi vingi vya intaneti: kati ya watu 100, karibu 90 husoma tu, 9 huongea mara moja moja, na 1 ndiye anayebeba karibu kazi yote. Si sheria ya mbinguni, lakini tuipime kwa kikundi chetu cha watu 200. Wasomaji ni 180, wanaoongea kidogo ni 18, wabebaji ni 2. Mmoja wa wale wawili akiugua, akihama au akipoteza telefone, nusu ya kikundi imeanguka, ijapokuwa hesabu ya wanamemba bado ni 199. Kwa hiyo kuongeza watu si kuongeza majibu. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kama mkono ni mkubwa.

Ya pili ni kusambaza. Ujumbe uliotoka kwingine hauna mwenyewe, wala hauulizi mtu kitu, lakini unafunika swali la aliye na shida. Hata wenye WhatsApp waliona hatari hiyo: tangu Januari 2019 ujumbe mmoja unaweza kusambazwa mahali patano tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa mno hupita mahali pamoja tu kwa mara moja. Walifanya hivyo hasa kupunguza habari za uongo. Katika vikundi vya kazi za mikono, usambazaji una ubaya mwingine: unazika mazungumzo.

Ya tatu ni namna ya kujibu. Sisi walimu tunaijua vizuri. Mtoto aliyechekwa mara moja kwa sababu ya swali lake anaweza kumaliza trimestre nzima bila kuinua kidole, na jirani zake wa benchi nao wanajifunza kunyamaza. Katika vikundi, mama mgeni anauliza jambo dogo, na jibu linakuja: «Hilo tulishalijibu.» Kweli lilijibiwa, lakini yeye hakuwepo. Anayeingia leo kwa kawaida haoni yaliyosemwa jana. Hivyo mgeni anaona haya, na mkongwe naye anachoka, maana swali lile lile linamrudia kila mwezi. Wote wawili hawana kosa. Kinachokosekana ni mahali pa kuweka jibu.

Na hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Mazungumzo ya WhatsApp yamewekwa ndani ya telefone za wanamemba. Si maktaba. Telefone ikiibiwa sokoni, na mwenyewe hakuweka nakala, mafunzo ya miaka yanakwenda nayo. Wazungu nao yamewapata. Yahoo ilianzisha vikundi vyake vya intaneti katika 2001, na watu wa kazi za mikono, wa bustani, wa muziki na wa mambo mengine mengi waliandika humo kwa miaka karibu ishirini. Mwishoni mwa 2019 kampuni hiyo ilitangaza kwamba maandishi yote yatafutwa, na watu wakakimbizana kunakili walichoweza. Desemba 2020 mlango ulifungwa kabisa. Wasioweka nakala walibaki na kile tu walichokumbuka.

Tofauti yake ni Ravelry, iliyoanza Marekani katika 2007 kwa wafumaji wa sweta. Bado ipo. Jambo moja ndani yake linatufaa: kila kazi iliyofumwa inaweza kuwa na ukurasa wake, unaosema ni uzi gani, sindano namba ngapi, na mahali gani mfumaji alisumbuka. Elimu imefungwa kwenye kazi yenyewe. Mgeni anayekuja baada ya miaka kumi anaikuta, hata kama yule aliyeiandika alishaondoka.

Sisi hatuna haja ya mashini kubwa kwa hilo. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kitabu cha kikundi. Daftari moja la kurasa 100 linatosha. Swali likipata jibu zuri, mwandishi analiandika kwenye ukurasa wake, kisha picha ya ukurasa inatumwa kikundini na kwa kila mgeni. Mfano: «Uzi wa juu unakatika kila mara.» Jibu: toa uzi wote, inua mguu wa mashini, pitisha uzi upya tangu mwanzo. Tazama kama sindano ni butu au imepinda, na kama imeingia hadi juu. Kwa kitenge tumia sindano namba 90, kwa jeans namba 100. Kama bado unakatika, legeza kidogo mkazo wa uzi. Swali lingine: «Robe imekuwa fupi baada ya kufuliwa.» Jibu: loweka na kausha kitenge cha pamba kabla ya kukikata. Daftari halihitaji mega wala umeme. Mwishoni mwa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu majuma matatu. Kitabu kingesomwa siku zote hizo.

Pili, zamu. Kwa nini MUSO zetu zinadumu? Kwa sababu kuna mwenyekiti, mwandishi, mtunza sanduku, na siku inayojulikana. Kikundi cha WhatsApp kina admini tu, na kazi yake mara nyingi ni kuingiza watu na kuwaondoa. Tuweke mama wawili kila juma, wenye kazi ya kuhakikisha hakuna swali linalolala bila jibu. Kama wao hawajui, wamtafute anayejua. Juma lijalo zamu iende kwa wengine. Hivyo wale wawili wa siku zote watapumzika, na wale 180 watagundua kwamba nao wana kitu cha kufundisha.

Tatu, siku ya maswali. Tuchague kwa mfano siku ya posho, tangu saa nane hadi saa kumi ya mchana. Wenye mega chache watajua ni wakati gani wa kufungua. Vilio, sala na matangazo vina heshima yake, basi vipewe kikundi chake. Na tusisahau mama wasiosoma: jibu kwa vokali ya dakika moja, polepole, jambo moja kwa mara moja. Mwandishi ataliweka katika daftari.

Nne, udogo. Kikundi cha watu 25 wa kartie moja, wanaoweza kukutana mara moja kwa mwezi penye mashini ya mmoja wao, kina nguvu kuliko cha watu 500 wasiojuana. Mkono unafundishwa na mkono. Telefone inasaidia kati ya mkutano na mkutano, na inambeba yule mzazi asiyeweza kuja.

Na kama kikundi kimefika mwisho wake kweli, si haya. Watoto wamekua, watu wamehama, hamu imegeukia kwingine. Lakini kisife kama mgeni aliyeondoka usiku bila kuaga. Admini atangaze, wanamemba wapewe juma mbili za kuchukua wanayoyataka, na yenye faida yaandikwe. Wengi wa bibi zetu walijifunza kushona na kupika gato katika foyers sociaux wakati wa Wabelgiji. Kilichofika hadi kwetu ni kile ambacho kila mmoja wao alimwonyesha binti yake, jirani yake, mke wa mtoto wake. Aliyekaa nacho peke yake alizikwa nacho.

Basi kwa juma hili tunawaomba kazi moja ndogo. Kila kikundi kitafute mtu mmoja afungue mazungumzo na arudi nyuma, apite video na matangazo, mpaka alifikie swali la mwisho lililobaki bila jibu. Labda ni la mwezi uliopita, labda ni la mwaka jana. Mlijibu, hata kama limechelewa, na mtaje jina la aliyeuliza ili ajue ni kwake. Huenda ameshapata jibu kwingine. Huenda mashini yake bado iko pembeni, imefunikwa kitambaa.

Hadi juma lijalo, Mungu awalinde pamoja na watoto.