Jaji anajua siku yake ya kuondoka. Kadhi wetu je?

Kila serikali inapogombana na mahakama, mabaraza yetu hugawanyika mara mbili. Kuna wanaosema majaji wapewe kazi ya maisha, wasiondolewe na yeyote ila Mwenyezi Mungu, ndipo watahukumu bila hofu. Hao hutaja Marekani. Na kuna wengine, hasa vijana waliochoshwa na kesi za ardhi zisizokwisha, wanaotaka jaji apewe miaka mitano kama mbunge, akiharibu aende zake. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Nianze na hiyo Marekani. Kwanza, majaji wa maisha kule ni wa mahakama za serikali kuu. Majaji wa majimbo, ambao ndio wanaosikiliza kesi nyingi za watu wa kawaida, mambo yao ni mengine. Katika majimbo yote 50, Rhode Island peke yake ndiyo iliyobaki na majaji wanaokaa bila ukomo wa muhula wala wa umri. Massachusetts ilikuwa na utaratibu huo huo, ikauacha mwaka 1972 kwa kuandika katika katiba yake kwamba jaji akifika miaka 70 anastaafu. New Hampshire nayo ni 70. Majimbo mengi yaliyobaki huwapa majaji muhula, na mengi kati ya hayo huwapigia kura. Jaji wa kura huhitaji pesa za kampeni, na mawakili ni miongoni mwa wanaomchangia, kisha kesho wanasimama mbele yake na mafaili. Wanaotaka muhula wa miaka mitano hapa kwetu walifikirie hilo.

Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ndiyo inayoonyesha ubaya wa kazi ya maisha. Ruth Bader Ginsburg alifariki Septemba 2020 akiwa na miaka 87, wiki chache kabla ya uchaguzi. Trump akamweka Amy Coney Barrett haraka, na Juni 2022 mahakama hiyo ikaifuta hukumu ya mwaka 1973 juu ya utoaji mimba. Sisi Waislamu tuna msimamo wetu kuhusu suala lenyewe, nami siligusi leo. Ninachosema ni kwamba sheria ya nchi nzima isingojee nani kafa lini na nani yuko Ikulu siku hiyo.

Turudi kwetu, maana sisi tumeonja ubaya wa upande wa pili. Mwaka 1987 Derek Schofield, jaji Mwingereza aliyekuwa akihudumu Kenya, alishika kesi ya mtu aliyefia mikononi mwa polisi. Akaamrisha kaburi lifukuliwe. Mwili haukupatikana. Kabla hajaimaliza kesi akaondolewa, akaambiwa aende Meru. Akajiuzulu. Mwaka uliofuata Bunge la chama kimoja likabadilisha Katiba, likaondoa kinga iliyowalinda majaji wasifutwe kazi na Rais. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipokwenda kortini kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, aliambiwa hana haki ya kushtaki. Siwezi kusema nini kilikuwa moyoni mwa jaji. Lakini kila aliyekaa kwenye kiti kile alijua kalamu ya kumtoa iko mkononi mwa nani. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990, baada ya kelele nyingi za ndani na nje.

Katiba ya 2010 ilikata shauri vizuri, nami nasema ndiyo sehemu yake iliyofikiriwa sana. Jaji anastaafu akifika 70, na akitaka anaweza kuondoka tangu 65. Jaji Mkuu ana miaka 10 au umri wa 70, lolote litakalotangulia. Kumtoa kabla ya hapo, malalamiko lazima yapite Tume ya Huduma za Mahakama (JSC), kisha jopo maalumu. Majaji Philip Tunoi na Kalpana Rawal walidai kubaki hadi 74 kwa sababu waliteuliwa chini ya katiba ya zamani. Mei 2016 Mahakama ya Rufaa ikasema ni 70, na Mahakama ya Juu haikuigeuza hukumu hiyo. Walikuwa majaji wenye ujuzi, na kuwapoteza ni hasara. Lakini sheria inayoongezewa miaka kwa ajili ya wawili leo, kesho itaongezewa kwa ajili ya kipenzi cha mtu.

Faida yake tuliiona mwaka mmoja baadaye. Septemba 1, 2017, David Maraga na wenzake walifuta uchaguzi wa rais. Uhuru Kenyatta alikasirika hadharani, nchi nzima ikasikia. Lakini hakuwa na njia ya kumpunguzia Maraga hata siku moja, wala hakuwa na miaka ya ziada ya kumtongozea. Maraga alikaa mpaka Januari 2021, akafika 70, akaenda zake nyumbani. (Hasira zilipitia mlango wa kuingilia: majaji sita waliopendekezwa na JSC walikataliwa na Uhuru, wakangoja mpaka Ruto alipoingia Septemba 2022.)

Kwa mtu wa Pwani hili si la Nairobi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara ya mradi wa bandari mpya. Mshtakiwa alikuwa serikali yenyewe. Jaji wa mkataba, anayengoja serikali imwandikie mwingine, angeitoa hukumu ile?

Sasa tazameni kadhi. Ndiye jaji ambaye wengi wetu hukutana naye: talaka, matunzo, mirathi ya nyumba ya marehemu yenye warithi kumi na mmoja na mmoja wao ana jina kubwa mjini. Kifungu cha 167 kinachoweka umri wa jaji hakimtaji. Ulinzi wa jopo maalumu haumfikii pia. Katiba inamhesabu ofisa wa mahakama, pamoja na mahakimu na wasajili, na JSC ndiyo inayomwajiri, kumwadhibu na kumwondoa kwa utaratibu wa sheria ya Bunge. Katika tume hiyo majaji wana viti vyao, mahakimu wana chao, mawakili wana vyao. Kadhi hana.

Kugusa ile 70 ya jaji ni kubadilisha Katiba, na lolote linalogusa uhuru wa Mahakama linahitaji kura ya maoni. Sheria ya Bunge hubadilishwa kwa kura ya wabunge tu.

Hili linaweza kurekebishwa bila kura ya maoni. Bunge linaweza kuiandika upya Sheria ya Mahakama za Kadhi, liweke humo umri wa kustaafu usiobadilishwa kwa mtu mmoja, na kwamba kadhi aliyelalamikiwa asikilizwe na jopo lenye wanaoijua sheria ya Kiislamu. Wabunge wetu watakuja misikitini na barazani kabla ya uchaguzi wa 2027. Waulizwe nani kati yao atauleta mswada huo, na lini.